Pawa ya umeme kwenye gari la zamani: mota ndiyo kazi rahisi

Ukisema mbele za watu kwamba unataka kulitia gari lako la zamani stelingi ya umeme, utaulizwa maswali kabla hujamaliza sentensi. Mmoja atataka kujua injini utaipeleka wapi, akidhani gari zima linageuzwa kuwa la kuchaji. Mwingine atauliza betri ikizima katikati ya safari utakata kona na nini. Atatokea na wa tatu, ambaye huwa ndiye anayejiona anayajua magari kuliko wote, akwambie hiyo ni kazi ya siku moja: unang'oa kifaa kwenye gari dogo lililogongwa nyuma, unakifunga kwenye lako, unaunga waya tatu, mchezo umekwisha. Wa kwanza kachanganya mambo. Wa pili ana hofu inayoeleweka lakini haina msingi. Wa tatu ndiye wa kumwangalia vizuri, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayopeleka watu mtaroni.

Tuanze na majina. Usukani ni lile duara unaloshika. Stelingi, kwa makala haya, ni mfumo mzima kuanzia hapo kwenda chini: shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani, krosi zinazoiwezesha kupinda njiani, kisha raki au boksi la stelingi, linalogeuza mzunguko huo kuwa msukumo wa kushoto na kulia, halafu tairodi zinazovuta na kusukuma magurudumu ya mbele. Pawa ni msaada, basi. Gari "lenye pawa" halijikatishi kona lenyewe. Lina kitu kinachosukuma pamoja nawe. Kitu hicho kikiondoka, shafti ipo palepale, raki ipo palepale, na mikono yako bado imeshika chuma kinachofika hadi kwenye matairi.

Pawa zenyewe ni za namna mbili kuu. Ya zamani ni ya oili: injini inazungusha pampu kwa mkanda, pampu inasukuma oili kwenye hosipaipu hadi kwenye raki au boksi, na oili hiyo ndiyo inayokusaidia. Ya umeme haina oili wala pampu wala mkanda; ina mota, sensa na kompyuta ndogo. Kati ya hizo mbili kuna chotara, yaani pampu ya oili ileile ila inazungushwa na mota ya umeme badala ya injini. Chotara hii huwachanganya hata mafundi, kwani ukifungua boneti unakuta kichupa cha oili na waya mnene vimekaa pamoja. Nitairejea, kwa sababu yapo magari ya zamani ambayo kwao ndiyo jibu.

Kuna na ya nne, ambayo usukani hauendeshi magurudumu kwa chuma bali kwa ishara za umeme zinazopita kwenye waya. Infiniti Q50 iliingia sokoni nayo mwaka 2013, na hata hiyo ilibakiziwa klachi ya dharura ya kuunganisha chuma mambo yakiharibika. Yule wa swali la pili, anayeogopa betri, kichwani mwake anaiona hii. Hakuna anayekuja kuifunga kwenye gari lako la zamani, kwa hiyo tuiache.

Pawa ya oili ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mhandisi Mmarekani Francis Davis alikuwa na gari la Pierce-Arrow lenye pawa inayofanya kazi mwaka 1926, lakini mnunuzi wa kawaida alisubiri hadi 1951, Chrysler ilipoiweka kwenye Imperial. Ya umeme ilitoka Japani mwaka 1988 kwenye kigari kidogo, Suzuki Cervo, na miaka miwili baadaye Honda wakaitumia kwenye NSX. Ndiyo maana gari lililotengenezwa kabla ya hapo huwa na hali mbili tu: ama halina pawa kabisa, ama lina ya oili inayovuja.

Kijiti kinachojikamua

Nimewahi kulifungua ganda la kifaa kimoja cha pawa ya umeme kilichokuwa kimekufa. Usifungue kizima, nitaeleza kwa nini. Nilichotarajia ni mota kubwa ya kutisha. Nilichokuta ni mota ya ukubwa wa kopo la maziwa ya unga lile dogo, na kando yake kitu ambacho kwa macho hakina maana yoyote: shafti ya usukani imekatwa vipande viwili, na vipande hivyo vimeunganishwa na kijiti cha chuma cha springi kisichozidi unene wa penseli.

Kijiti hicho ndicho akili ya mfumo mzima. Chukua nguo iliyolowa uikamue. Mkono mmoja unazungusha huku, mwingine kule, na kadiri unavyokaza ndivyo nguo inavyojisokota. Kijiti hufanya hivyohivyo. Juu yake kuna mikono yako inayozungusha usukani, chini yake kuna matairi yanayong'ang'ania lami. Tairi likigoma, kijiti kinajipinda kidogo, nyuzi chache tu za duara. Sensa inapima: kimejipinda upande gani, na kwa kiasi gani? Kompyuta inaiamuru mota isukume upande huohuo mpaka msokoto upungue. Ukiacha kuzungusha, kijiti kinajinyoosha, na mota inaacha.

Kwa hiyo mota haijui unakwenda wapi. Ni kama mtu anayekusaidia kubeba meza huku amefumba macho. Hakuulizi njia, anahisi mvuto wa mikono yako, anafuata.

Mota hiyo huzunguka kasi sana lakini haina nguvu nyingi peke yake, kwa hiyo hupitia gia yenye nyuzi kama za skrubu, inayopunguza kasi na kuzidisha nguvu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la betri. Vipande vile viwili vya shafti vina meno yaliyoachiana nafasi ndogo. Umeme ukikatika, kijiti kitajipinda mpaka meno yakutane, chuma kwa chuma, na kuanzia hapo unaendesha kwa mikono yako kama zamani. Nisikudanganye lakini: usukani utakuwa mzito kidogo kuliko ulivyokuwa kabla hujafunga kifaa, kwa sababu sasa mikono yako inaizungusha na mota iliyolala.

Gari ambalo halisemi

Kwenye gari lake la asili, kifaa hiki hakiishi peke yake. Kompyuta yake huambiwa muda wote gari linakwenda kasi gani. Ukipaki, inakupa msaada mwingi. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, inapunguza, maana kwenye kasi hiyo usukani mwepesi ni hatari: kupiga chafya tu kunakuhamisha njia.

Gari la zamani halisemi chochote. Spidomita yake inazungushwa na kebo, si ishara ya umeme. Kifaa kinafikaje basi kufanya kazi?

Kwa bahati, watengenezaji walijua kwamba waya hukatika. Vifaa kadhaa vimepewa tabia ya tahadhari: kisiposikia habari za kasi, hakizimi, bali kinatoa msaada wa wastani usiobadilika. Tabia hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa biashara nzima ya kuhamisha pawa. Mafundi waligundua kwamba kifaa cha Opel Corsa ya kizazi cha mwanzoni mwa miaka ya 2000, ile inayoitwa Vauxhall huko Uingereza, kinakubali kufanya kazi hivyo, na cha Saturn Vue kadhalika. Cha Toyota Prius ya kizazi cha pili nacho kimehamishwa sana. Vyote vitatu vina sifa moja ya thamani kubwa: mota imekaa juu, kwenye shafti ndani ya gari chini ya dashibodi, wala si chini kwenye raki. Ndiyo maana vinahamishika.

Baadaye vikaja viboksi vya kuuzwa vinavyokaa katikati na kuongea na kifaa lugha kinayoielewa, huku vikiwa na kitufe cha kuzungusha cha kuongeza au kupunguza msaada. Kitufe hicho watu wanakipenda, na mimi kinanitia wasiwasi. Dereva anakifungulia hadi mwisho ili apaki kwa kidole kimoja, jirani aone. Kisha anasahau, anaingia barabara kuu. Ukiweza, nunua boksi linalosoma kasi, ama kutoka kwenye sensa inayofungwa kwenye gia boksi, ama kwa setilaiti. Ukishindwa, tafuta kiwango kinachokufaa ukiwa kwenye kasi, kipimie hapo, kisha uvumilie jasho kidogo la kupaki.

Kabla ya mota, tafuta uzito unatoka wapi

Hili lingekuwa la kwanza kama watu wangekuwa na subira ya kulisoma kwanza. Pawa haitibu stelingi mgonjwa, inakuficha ugonjwa.

Rafiki yangu alikuja na pikapu yake akilalamika kwamba mabega yamemwisha, anataka umeme. Tukaipiga jeki mbele, matairi yote mawili yakaning'inia. Sehemu ya mbele ya gari ikiwa hewani, stelingi nzima ya mikono inatakiwa izunguke karibu kwa kidole, kwa kuwa hakuna lami ya kushindana nayo. Yake ilikuwa nzito vilevile. Tukafungua krosi ya chini ili kutenga shafti na boksi. Boksi likazunguka laini. Shafti ikagoma. Krosi ya chini, iliyokaa jirani na bomba la moshi, ilikuwa imekauka kwa kutu hadi inapinda kwa kukwamakwama, ukiizungusha unahisi mahali panapokaza na mahali panapolegea, kila nusu duara. Aliondoka na krosi mpya na mabega yake.

Fikiria kama tungefunga mota juu ya ile krosi. Usukani ungekuwa mwepesi, yeye angeshukuru, na mota ingekuwa inailazimisha krosi iliyokufa kila siku mpaka siku ivunjike. Hili lina maana pana zaidi. Pawa ya kwenye shafti inasukuma kutoka juu, kwa hiyo kila kilicho chini yake, yaani krosi, boksi, tairodi, bolijointi, kinabeba nguvu zako pamoja na za mota. Vitu hivyo vilitengenezwa kwa nguvu za mikono ya mtu. Vikiwa vizima huwa na akiba ya kutosha. Vikiwa vimelika, akiba hiyo imekwishaliwa.

Kwa hiyo upepo wa matairi kwanza. Kisha upana wake. Watu hufunga matairi mapana kwa urembo halafu wanashangaa usukani umekuwa mzito. Usukani mdogo wa kimichezo nao una lawama, kwani duara likipungua, mkono wako unakuwa kama mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba. Kisha gresi, bushi, alaimenti. Ukimaliza yote hayo na bado unatoka jasho, sasa zungumza na mota.

Chuma

Sasa yule wa kazi ya siku moja. Kweli, kuna magari machache ambayo yametengenezewa seti kamili, unafungua katoni na kufunga kwa boliti. Kwa mengine yote, kazi ni kukata shafti mbili, ya gari lako na ya kifaa, na kuzifanya kitu kimoja.

Mwisho wa shafti una meno madogo ya kuingiliana, na idadi ya meno na kipenyo hutofautiana toka gari hadi gari. Meno yanayokaribiana si meno yanayolingana. Nimeona mtu akigonga krosi kwa nyundo ili iingie kwenye meno yaliyokataa, na hapo kulikuwa na makosa mawili kwa pigo moja. La kwanza ni meno yaliyolazimishwa, ambayo yatalegea. La pili halionekani: kile kijiti cha penseli na sensa yake vimo ndani ya shafti hiyohiyo. Nyundo inakivuruga, na kitovu cha sensa, yaani sifuri yake, kinahama. Kuanzia siku hiyo kifaa kinaamini kwamba mikono yako inavuta kidogo kushoto, hata ukiwa umeiachia. Kinakusaidia kwenda kushoto. Sababu ya kutokufungua kifaa kizima ni hiyohiyo. Ukishatenganisha shafti na sensa, kurudisha kitovu bila mashine ya kiwandani ni bahati nasibu.

Kuchomelea shafti ni jambo ambalo sehemu nyingi za dunia lina masharti yake, na hata pasipo na masharti, akili ina masharti yake. Njia inayokubalika kwa fundi makini ni kuingiza vipande viwili ndani ya sliv, yaani bomba fupi nene linalovikumbatia, kulitoboa bomba hilo na kuyajaza matundu chuma pembeni pia, wala si kuviunganisha ncha kwa ncha. Na anayechomelea awe mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Kwa kweli shafti ikiweza kuchongwa kwa mashine na kuunganishwa kwa krosi mpya zenye meno sahihi, bila moto kabisa, lipia gharama hiyo usilalamike. Ukichomelea popote kwenye gari, kwanza tenga betri na chomoa soketi za kifaa, la sivyo kompyuta yake itaungua kabla haijafanya kazi siku moja.

Krosi nazo zina adabu zake. Hazipendi kupinda sana. Ukipita nyuzi 30 hivi zinaanza kukaza na kulegea kwa zamu. Zikiwa mbili, uma wa moja na uma wa nyingine kwenye kipande cha katikati vikae sambamba. Ukivikosesha, utahisi usukani unakimbia na kuchelewa, kukimbia na kuchelewa, kila mzunguko, na mtu ambaye hajui atalaumu mota.

Kisha kuna bracketi, kile chuma kinacholishikilia ganda la kifaa kwenye gari, jina dogo kwa jambo kubwa. Mota ikisukuma shafti kulia, ganda lake linataka kuzunguka kushoto kwa nguvu ileile. Simama juu ya sakafu yenye utelezi ujaribu kusukuma gari: gari litabaki na miguu yako ndiyo itakayokwenda. Bracketi ndiyo sakafu ya mota. Ikiwa ni kibati kilichokunjwa na boliti moja, ganda litatikisika, msaada utafika kwa kuchelewa, na kibati kitachoka mpaka kipasuke. Ifungwe kwenye chuma kizito cha ukuta unaotenga injini na abiria, si kwenye bati la dashibodi.

Jambo moja ambalo hata wajuzi hulisahau ni kifua chako. Magari mengi ya kale yana shafti ya chuma kimoja kirefu, kutoka boksi la stelingi hadi mbele ya kifua cha dereva, kama mkuki. Marekani ililazimisha kuanzia Januari 1968 magari mapya yawe na stelingi inayofyonza mgongano na isiyorudi nyuma kumchoma dereva. Ukihamisha kifaa cha gari la kisasa, huenda ukapata bure sehemu inayojikunja. Au ukaiharibu: wapo wanaoifunga kwa boliti ili "isicheze". Kama gari lako lilikuwa na stelingi ya kujikunja, baada ya kazi ni lazima bado ijikunje. Kama halikuwa nayo, hii ndiyo nafasi ya kuipata, na kwangu mimi hii ni faida kubwa kuliko wepesi wenyewe.

Umeme unatoka wapi

Kwenye barabara iliyonyooka kifaa hiki hakili karibu chochote. Kula kwake ni pale unapokata usukani gari likiwa limesimama kwenye lami kavu. Hapo kinaweza kuvuta ampea 40, na vipo vinavyopita. Kwa volti 12 hizo ni wati 480. Taa zako mbili kubwa za wati 55 kila moja zote kwa pamoja ni wati 110, piga hesabu.

Sasa angalia dainamo ya gari la kale, mashine ya kuchaji betri ya kabla ya alteneta kuenea. Nyingi kwa nguvu zake zote zinatoa ampea ishirini na kitu, na injini ikinguruma polepole hazitoi cha kuhesabika. Na lini hasa unahitaji pawa? Unapopaki, injini ikinguruma polepole. Betri ndiyo itakayobeba mzigo kwa sekunde hizo chache, kisha dainamo ilipe deni polepole njiani. Kwa safari ndefu zenye kona chache inawezekana. Kwa mizunguko ya mjini, usiku, wiper zikifanya kazi, deni halilipiki. Badilisha uweke alteneta kwanza.

Waya wa kifaa utoke betri moja kwa moja, uwe mnene, wa milimita za mraba 10 kwa kifaa cha kawaida, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Waya wa kurudi kwenye bodi uwe mnene vilevile, na mahali unapofungwa pakwanguliwe rangi hadi chuma king'ae. Watu husumbuka na waya wa kwenda wakausahau wa kurudi. Waya mwembamba hauishii kupata moto tu. Mota inapovuta, volti zinashuka njiani, kompyuta inaona betri imekuwa dhaifu, inajizima ili kujilinda. Wewe uko katikati ya kona, na usukani umekuwa mzito ghafla.

Magari mengi ya Kiingereza ya hadi miaka ya 1960 yana jambo jingine: chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Kifaa cha kisasa kikiunganishwa kwa mazoea kwenye gari hilo kinakufa papo hapo. Ama ugeuze umeme wa gari zima, ama usianze. Ya volti 6 yanahitaji mfumo mpya wa volti 12, hakuna njia ya mkato.

Waya mdogo wa kuamsha kifaa uchukue umeme kwenye swichi ya funguo, ili kizime gari likizimwa, la sivyo asubuhi utakuta betri imelala. Wapo wanaoweka swichi ya kuzimia pawa kwenye dashibodi. Sielewi kwa nini mtu atake goti la abiria liwe na uwezo huo.

Ukiwa tayari na pawa ya oili

Hapa watu hukosea kwa kukata tu mkanda wa pampu. Oili inabaki kwenye raki, pistoni yake inaisukuma kila ukikata kona, na usukani unakuwa mzito kuliko gari ambalo halijawahi kuwa na pawa. Baada ya kuondoa pampu, mabomba mawili ya raki huunganishwa ili oili izunguke humohumo, au raki ifunguliwe na sili ya pistoni itolewe, ipakwe gresi. Njia ya pili ni ngumu lakini ndiyo safi. Ya kwanza hubaki na uzito kidogo na uvujaji uleule uliokukimbiza. Na kabla hujaitupa pampu, tazama mkanda umepitaje. Kwenye injini nyingine puli ya pampu ndiyo inayoukaza mkanda wa alteneta au wa pampu ya maji.

Kama tatizo lako ni nafasi chini ya dashibodi, au gari ni zito mbele kuliko kigari kilichotoa kifaa, hapo ndipo chotara inapokuja. Raki yako ya oili inabaki, pampu ya umeme inafungwa popote penye nafasi chini ya boneti, shafti haikatwi hata sentimita moja. Toyota waliiweka kwenye MR2 miaka ya 1990, kwa kuwa injini iko nyuma na raki iko mbele. Oili utaendelea kuifuta sakafuni, hilo ulijue. Lori lenye ekseli nzito ya mbele lisihusishwe na mota ya gari dogo hata kidogo.

Usichopata

Wengine wanatarajia kwamba usukani utahitaji mizunguko michache. Hapana. Stelingi ya mikono ilipangwa iwe ya polepole makusudi ili iwe nyepesi, ndiyo maana magari mengi ya kale hukata toka mwisho mmoja hadi mwingine kwa mizunguko minne au zaidi, wakati ya leo ni mitatu au chini yake. Mota haibadilishi hesabu hiyo. Utazungusha vilevile, ila bila jasho. Kubadilisha mizunguko ni kubadilisha boksi au raki.

Mafuta? Pampu ya oili inazungushwa muda wote hata ukiwa umenyoosha, kwa hiyo ukiiondoa injini inapumua kidogo. Kwa gari ambalo halikuwa na pawa, umeongeza mzigo, hujapunguza. Anayekuuzia kazi hii kwa hoja ya mafuta muulize anazungumzia gari gani.

Na utagundua kwamba baada ya kona usukani haurudi katikati kwa haraka kama zamani. Gia ya skrubu ina msuguano wake, na kompyuta iliyohamishwa huenda haina habari za kuurudisha. Dawa yake ni ya zamani: fundi wa alaimenti aongeze kasta, yaani mlalo wa kuegemea nyuma wa mguu wa gurudumu, ule unaofanya gurudumu la kitoroli cha dukani lijipange lenyewe nyuma ya mhimili wake. Magari yasiyo na pawa yalipewa kasta ndogo ili yawe mepesi. Sasa una msaada, unaweza kuimudu kubwa zaidi.

Kabla ya kuingia barabarani, sheria za nchi yako za ukaguzi wa mabadiliko ya stelingi zifuatwe, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi. Bima hukumbuka mabadiliko ambayo haikuambiwa siku ya ajali.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, magurudumu ya mbele yawe hewani na mikono iwe mbali na usukani. Washa swichi. Usukani ukibaki kimya, vizuri. Ukianza kuzunguka wenyewe, zima, kitovu cha sensa hakipo mahali pake au waya umekaa vibaya. Zungusha mwisho hadi mwisho taratibu, mtu mwingine akiwa chini anatazama krosi na bracketi kwa tochi. Kisha shusha gari, nenda kwenye uwanja wazi, uendeshe mwendo wa mtu anayetembea, na mtu wa pembeni achomoe fyuzi ya pawa ukiwa unakata kona. Usizime funguo kwa jaribio hili, stelingi inaweza kujifunga. Utasikia uzito ukirudi mikononi mara moja. Rudia mpaka mikono isishtuke, halafu mpe funguo kila mtu anayeliendesha gari hilo naye afanye vivyo hivyo, akiwemo yule aliyesema ni waya tatu tu.